Kasa na Walinzi Wake

Mto Gucha huanzia katika vilima vya Nyamira, hupita katika nchi ya Kisii, kisha huteremka mpaka Ziwa Viktoria. Na maji ya ziwa hilo hutokea Jinja, yakafuata mto Naili hata yakaingia bahari ya Mediterania. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukitupa kijiti mtoni huko kwenu, usitazamie kwamba kitafika Mombasa. Kikijaliwa kusafiri, kitaelekea Misri. Basi mwanafunzi wa Kisii au Nyamira akiulizwa habari za kasa wa Bahari ya Hindi, ana haki ya kujibu kwamba bahari hiyo si jirani yake kwa maji, wala kwa barabara, maana kutoka kwenu mpaka Watamu ni mwendo wa kilomita 900 hivi.

Hata hivyo nakuomba ufuatane nami. Mnyama huyu analindwa na sheria ya Kenya nzima, sheria iliyotungwa Nairobi kwa jina lako na la wazazi wako, kama ilivyotungwa kwa jina la watu wa Lamu. Lakini sheria hiyo inapofuatwa, anayepata hasara si wewe. Ni mvuvi mmoja, usiku, ndani ya mtumbwi, ambaye jarife lake limeraruka na kitoweo chake kimerudishwa majini. Ilichukua miaka mingi kabla ya watu kuuliza kwa sauti: mzigo huu ni wa nani? Kisa ninachotaka kukusimulia ni kisa cha swali hilo.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Kasa si kobe, ijapokuwa ni ndugu. Kobe unayemkuta shambani huvuta kichwa na miguu ndani ya gamba lake akiona hatari. Kasa hawezi, na miguu yake imekuwa mapezi ya kuogelea. Katika bahari yetu zipo aina tano, na tatu kati yake hutaga katika fuo za Kenya: kasa wa kijani, ambaye akiwa mkubwa hula zaidi majani ya baharini, ng'amba, mwenye mdomo kama wa kipanga, akaaye penye miamba, na aina moja ndogo yenye gamba la rangi ya zeituni. Jike hupanda ufuoni usiku, huchimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, hutaga mayai mia moja au zaidi, hufukia, kisha hurudi baharini bila kutazama nyuma. Mchanga ndio unaoatamia. Baada ya siku sitini hivi watoto hutoka, nao hukimbilia upande wenye mwanga, ambao kwa desturi ya dunia ni upande wa bahari. Siku hizi taa za hoteli huwadanganya, wakapanda juu barabarani wakidhani wanateremka. Tena joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia yao: mchanga ukiwa wa moto huanguliwa majike mengi, ukiwa wa baridi huanguliwa madume.

Jambo moja katika maisha yake ulishike sana, maana bila hilo hutaelewa mengine. Omena unayenunuliwa sokoni Keroka au Nyamira hukua na kuzaa upesi. Ziwa likipumzishwa kidogo hujaa tena. Kasa sivyo. Wataalamu hukisia kwamba katika watoto elfu moja pengine mmoja tu hufikia utu uzima, na jike huyo hukaa miaka 20, hata 40, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Mtu akila jike mmoja leo, pengo lake halitaonekana mwaka ujao. Litaonekana kwa wajukuu wake.

Watu wa pwani walimwinda kasa tangu zamani za kale. Kiasi cha miaka 1,900 na zaidi iliyopita, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki, ambaye hakutuachia jina lake, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia, kiitwacho Periplus wa Bahari ya Eritrea. Anataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na bidhaa zilizotoka huko: pembe za ndovu, pembe za kifaru, na magamba ya kasa. Anataja pia kisiwa kimoja ambacho watu wake walikuwa na mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, ambavyo bila shaka ni babu wa mitepe ya Lamu, na anaeleza kwamba waliwanasa kasa kwa vikapu vilivyotegwa katika mikondo ya maji. Anayejua dema na uzio wa wavuvi wa leo hatapata shida kuelewa maneno yake.

Njia ya ajabu kuliko zote ilikuwa ya kutumia samaki aitwaye chazo. Samaki huyu ana kitu kama kidude cha kufyonzea juu ya kichwa, ambacho hujishikiza kwa papa au kasa na kubebwa bure. Wavuvi walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa. Chazo akaganda gambani, na mvuvi akavuta kamba polepole mpaka kasa akafika chomboni. Mwaka 1884 Mwingereza Frederic Holmwood, aliyekuwa katika ubalozi wa nchi yake huko Unguja, aliandika habari za uvuvi huu ili wataalamu wa London wausome. Mimi sioni sababu ya kuwalaumu wavuvi wale. Ustadi wao ulikuwa mkubwa na mahitaji yao yalikuwa madogo: nyama ya kula, mafuta ya dawa, magamba machache ya kuuza.

Mahitaji ya wageni ndiyo yaliyovunja mizani. Katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19, mchuzi wa kasa ulikuwa chakula cha karamu za wakubwa. Na kwa gamba la ng'amba, ambalo hung'aa kama asali likisuguliwa, walitengeneza vitana, visanduku na fremu za miwani. Katika kisiwa cha Aldabra, kaskazini ya Bukini, kasa wa kijani walichinjwa kwa maelfu kwa ajili ya biashara mpaka wakakaribia kwisha. Japani iliendelea kununua magamba ya ng'amba kwa wingi hadi mwisho wa mwaka 1992. Huenda umewaona kasa wadogo waliochongwa kwa jiwe la Tabaka, wanaouzwa pamoja na viboko na tembo wa jiwe. Mgeni akimnunua kasa wa namna hiyo, amempa riziki mchongaji wa Kisii wala hakuna mnyama aliyekufa. Kwa karne nyingi wageni walitaka gamba lenyewe.

Watu walipoanza kuona kwamba kasa wanapungua, dawa ya kwanza waliyoifikiria ilikuwa sheria. Katika Amerika ya Kati, Mmarekani Archie Carr alitumia maisha yake kuchunguza kasa wa ufuo wa Tortuguero, na mwaka 1959 chama kikaundwa ili kuisaidia kazi yake. Kwetu, mwaka 1968, serikali ya Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo zilikuwa za kwanza za aina yake katika Kenya. Mwaka huohuo wanafunzi wa shule za sekondari za Kenya, vijana wa rika lako, walianzisha Vilabu vya Wanyamapori, na huenda shuleni kwenu kimoja kipo. Mwaka 1977 uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku nchini kote. Hifadhi ya Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, ikafuata mwaka 1979, na katika miaka hiyohiyo Kenya ikaingia katika mkataba wa mataifa unaozuia biashara ya wanyama walio hatarini. Mwaka 2013 ikaja sheria mpya yenye faini za mamilioni ya shilingi na vifungo virefu.

Ukizisoma sheria hizo utadhani kasa wamekwisha kuokoka. Lakini tazama mambo yalivyokuwa ufuoni. Pwani ya Kenya ni ndefu, zaidi ya kilomita 500, na askari wa wanyama ni wachache. Kasa hutaga usiku, na mwizi wa mayai huja usiku. Nyama ikishakatwa na kugawanywa majirani hapana ushahidi, wala hakuna jirani atakayemshtaki jirani yake kwa ajili ya mnyama ambaye babu zao wote walimla. Tena kasa wengi hawakuuawa kwa kusudi. Walinaswa katika nyavu zilizotegewa samaki, na kwa kuwa kasa huvuta pumzi kama sisi, akizuiwa chini ya maji muda mrefu hufa. Aliyebahatika kutolewa akiwa hai alikuwa mzigo wa hatari: mvuvi akienda naye nyumbani amevunja sheria, akimwachia, amepoteza wavu na kitoweo kwa siku moja. Ofisi ilimpa mvuvi amri, haikumpa kitu kingine.

Watu wa bara tusiwacheke watu wa pwani. Sisi tulikuwa na ziwa letu. Mbuta aliletwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na ndani ya miongo michache aina nyingi sana za samaki wadogo zilitoweka, na ngege wa asili, ambaye babu zako walimjua vizuri, akawa adimu. Mambo hayo yalitokea mchana, mbele ya macho ya wote. Hata desturi za kale hazikutosha. Koo za Abagusii zina wanyama wao wa alama, na wa Abanchari ni kiboko. Lakini nenda leo katika mabonde ya Bonchari uniambie umeona viboko wangapi. Nchi ilipojaa watu, heshima kwa jina la mnyama haikuweza kumpatia mahali pa kuishi.

Basi mabadiliko yalianzia wapi? Mwaka 1993 iliundwa Kamati ya Kenya ya Kulinda Kasa, nayo ikafanya jambo ambalo lilikuwa dogo katika maandishi lakini kubwa ufuoni: ikaanzisha vikundi vya wanavijiji wenyewe, wavuvi kwa wake zao, watembee fuo zao usiku, wahesabu viota na kuandika. Mwaka 1997 chama kingine kikaanza Watamu, ambacho leo huitwa Local Ocean Conservation. Chama hiki kilikwenda kwa wavuvi wa Watamu na wa hori ya Mida na kuwaambia hivi: mkimnasa kasa kwa bahati mbaya, msimle wala msimtupe, tuiteni, saa yoyote, nasi tutakuja. Mvuvi akiita, wafanyakazi huja, humpima kasa urefu na uzito, humfunga pezini chuma kidogo chenye namba, kisha humrudisha baharini. Na kama ni mgonjwa, au amemeza ndoano au plastiki, humpeleka hospitalini kwake, maana ipo hospitali ya kasa. Mvuvi hupewa fedha kidogo kwa taabu yake na kwa wavu ulioraruka. Kwa hesabu ya chama chenyewe, kasa waliorudishwa baharini kwa njia hii tangu 1998 wamepita 20,000.

Fedha hizo zilizua ubishi. Wako waliosema: je, tumlipe mtu ili asivunje sheria? Kesho mwizi wa ng'ombe atadai mshahara wa kutoiba. Wengine wakahofu kwamba wavuvi watawanasa kasa makusudi wapate malipo. Hoja hizi si za kipumbavu, nami nakuomba uzipime mwenyewe kabla ya kusoma ninavyofikiri. Mimi naona hivi. Malipo yale ni madogo kuliko bei ya nyama ya kasa ikiuzwa kwa siri. Kwa hiyo mvuvi anayepiga simu bado anapoteza. Anachopewa ni fidia ya hasara aliyoipata kwa ajili yetu, kama vile serikali inavyomlipa mtu ambaye shamba lake limepitiwa na barabara. Mwizi wa ng'ombe hakuombwa na taifa lifanyiwe kazi usiku wa manane. Ila kuna hofu moja ambayo naikubali: fedha za namna hii hutoka kwa wafadhili na watalii, na mwaka ambao hawaji, kama ilivyokuwa wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, mfuko hupungua ilhali kasa huendelea kunaswa vilevile.

Huko Mafia, katika Tanzania, njia nyingine ilianza mwaka 2001. Mtu akigundua kiota na kutoa habari hulipwa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili hulipwa watoto wakishaanguliwa, nayo hupimwa kwa hesabu ya waliotoka wazima. Fikiri kidogo uone hekima iliyomo. Aliyegundua kiota hawezi tena kulala usingizi. Atakilinda dhidi ya mbwa, maji ya bamvua na hata shemeji yake, siku zote sitini. Wizi wa mayai, ambao hapo kwanza ulikuwa jambo la kawaida, ulipungua mno.

Kwingine watu walifanya kazi ambayo hakuna aliyeitazamia. Fuo za Kiunga hupokea takataka kutoka bahari yote, hasa kandambili za mpira zilizotupwa katika nchi za mbali, nazo huziba njia ya kasa jike anayepanda kutaga na ya watoto wanaoteremka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanawake na watoto wa huko walianza kuziokota, kuziosha na kuzichonga ziwe vinyago vya kuchezea na mapambo, wakauza. Katika ghuba ya Ungwana vita vilikuwa vya namna nyingine. Meli zenye nyavu za kukokota zilizovua kamba zilizoa pia samaki wa wavuvi wadogo pamoja na kasa; wavuvi hao wakalalamika miaka mingi, na mwaka 2006 serikali ikazisimamisha kwa muda. Wavuvi walitetea samaki wao zaidi kuliko kasa, nami siwalaumu kwa hilo. Kasa alipona kwa kuwa adui yao alikuwa mmoja.

Lakini usidhani ya kwamba kila mahali watu wameacha kumla. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa kidogo cha Panza, karibu na Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wengine zaidi ya sabini wakalazwa hospitalini. Mwaka 2021 watu saba walikuwa wamekufa hukohuko Pemba kwa sababu hiyohiyo. Mara chache nyama ya kasa huwa na sumu ambayo haitolewi kwa kuchemsha, nayo huwadhuru zaidi watoto. Hata anyonyaye anaweza kuipata kwa maziwa ya mama yake. Kwa sura kasa mwenye sumu hana tofauti na mwenzake. Wanavijiji wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa na njaa ya kitoweo na desturi ya miaka mingi, na onyo la redioni halishibishi.

Je, juhudi hizi zote zimezaa matunda? Kwa aina moja, ndiyo. Aldabra, ambako kasa walikaribia kwisha, uchinjaji ulikatazwa mwaka 1968, na baada ya miaka hamsini hivi hesabu ya viota ilikuwa imeongezeka mara tano au zaidi. Mwezi wa Oktoba 2025 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilimwondoa kasa wa kijani katika daraja la wanyama walio hatarini, baada ya kuona kwamba ulimwenguni kwa jumla amezidi kwa zaidi ya robo tangu miaka ya 1970. Ng'amba bado yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Na hata kasa wa kijani hajui mipaka yetu: mmoja aliyefungwa chombo cha kumfuatia kwa satelaiti huko Diego Garcia mwaka 2012 aliogelea karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia. Anaweza kulindwa na watu elfu katika ufuo mmoja, akafa katika wavu wa mtu mmoja kwingine.

Majike walioanguliwa mwaka 1997, walinzi wa Watamu walipoanza kutembea ufuoni kwa taa za mkono, umri wao wa kutaga unaangukia kati ya mwaka 2017 na 2037. Kwa hiyo hao waliolindwa mwanzo kabisa, kama wako hai, ndiyo kwanza wanaanza kurudi. Hapana atakayewatambua, maana mtoto wa kasa ni mdogo mno kufungwa chuma chenye namba. Mlinzi atakuta nyayo mchangani alfajiri, kama njia ya gurudumu la trekta kutoka majini hadi penye majani. Atapima upana wake, ataandika tarehe, kisha ataanza kuhesabu siku sitini.